Jina Kwanza, Mahali Baadaye: Namna ya Kuitafuta na Kuitazama Anime Mtandaoni

Maswali yanayonifikia kuhusu anime, yaani katuni za Kijapani, ni yale yale. Kipande cha sekunde kumi na tano kutoka TikTok kinaingia kwenye simu, chini yake kumeandikwa: "Kaka, hii anime inaitwaje?" Nikijibu, linakuja la pili: "Naipata wapi?" Siku mbili baadaye linakuja la tatu: "Mbona siielewi, huyu si alishakufa?" Hilo la tatu huniuma, maana najua kilichotokea. Mtu kaanzia katikati, utamu wa mwanzo umeshamwagika, na ukimwagika hauzoleki.

Basi nimeona niyaweke majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Na mpangilio ndio ninaousisitiza. Wengi huanza kwa kuandika "anime bure" kwenye Google, kisha wanabofya chochote kinachojitokeza juu. Wewe anza na jina, halafu ujue inatazamwa kwa utaratibu gani, ndipo utafute mahali. Ukienda hivyo, bando halipotei bure na simu haiingii uchafu.

Nimeandika nikimfikiria mtu aliye Tanzania au Kenya, anayetazama kwa simu na kulipia kila MB. Aliye kwingine nitamgusa pale panapohitilafiana.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Simu ya Android au iPhone yenye nafasi tupu ya GB 5 hivi, au kompyuta.
- Anwani ya barua pepe unayoikumbuka nenosiri lake. Nasema hivi kwa sababu nusu ya wanaopoteza akaunti huwa walijiandikisha kwa barua pepe wasiyoweza kuifungua tena.
- Bando au waifai. Hesabu ya bando nimeiweka kwenye hatua ya saba.
- Njia ya kulipa, kama utatazama kwenye huduma ya kulipia: kadi ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, au kadi pepe ya pesa za simu.
- Uwezo wa kusoma Kiingereza kwa kasi ya wastani. Anime zenye maandishi ya chini ya Kiswahili ni adimu mno. Aliyesoma Kifaransa, kama ndugu zetu wa Kongo na Burundi, atapata maandishi ya Kifaransa kwa nyingi zilizoko Crunchyroll, huduma ya kulipia ya anime. Na waliokulia Oman mara nyingi wana Kiarabu tayari, wengi wao walionja anime kwanza kupitia chaneli ya Spacetoon.

Kompyuta ya bei, televisheni kubwa, intaneti ya nyumbani: hivyo vyote ni vizuri, si vya lazima.

HATUA

1. Tambua ni anime gani.

Kama ulichonacho ni kipande cha video tu, kisimamishe mahali ambapo picha imetulia na sura au mandhari inaonekana vizuri. Piga picha ya skrini. Ikate uondoe vitufe vya TikTok, majina ya watu na maneno yaliyobandikwa juu, ibaki picha ya anime peke yake. Kisha fungua trace.moe kwenye kivinjari na uipandishe. Itakuambia jina la anime, namba ya episodi, hata dakika ambayo tukio hilo linatokea.

Angalia asilimia ya kufanana inayoonyeshwa. Ikiwa chini ya 90, usiliamini jibu hilo. Mara nyingi sababu ni kwamba aliyepandisha video aliigeuza kushoto kulia ili isifutwe. Fungua picha yako kwenye galari, igeuze irudi ilivyokuwa, ujaribu tena. Jua pia kuwa trace.moe hulinganisha na picha za anime yenyewe. Mchoro wa shabiki, au ukurasa wa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani), haiutambui. Kwa hizo tumia Google Lens.

Onyo: usichukue jina kutoka kwenye maoni ya video bila kulihakiki. Wapo wanaomjibu mgeni kwa makusudi jina la anime ya ngono, wapate kucheka. Mdogo wako akiuliza, atapewa hilo hilo.

2. Pata majina yake yote mawili.

Anime nyingi zina jina la Kijapani lililoandikwa kwa herufi zetu na jina la Kiingereza la soko. Shingeki no Kyojin ndiyo Attack on Titan. Kimetsu no Yaiba ndiyo Demon Slayer. Boku no Hero Academia ndiyo My Hero Academia. Huduma moja hutumia hili, nyingine lile, na mtu anahitimisha kwamba haipo kumbe ipo kwa jina la pili.

Nenda MyAnimeList au AniList, tovuti mbili za bure zenye kumbukumbu ya karibu kila anime. Andika jina unalolijua, ukurasa wake utakupa na mengine. Fungua akaunti kwenye mojawapo sasa hivi, kwa sababu utaitumia tena kwenye hatua zinazofuata. Mimi napendelea AniList kwa simu, kurasa zake ni nyepesi. Rafiki zangu wengi wako MyAnimeList na hawajapungukiwa na kitu.

3. Jua utaratibu wa kutazama.

Hapa ndipo wanaoanza wanapoumia zaidi, kwa hiyo twende polepole.

Kwenye ukurasa wa anime yako kuna sehemu inayoonyesha ndugu zake: kilichotangulia, kinachofuata, hadithi ya pembeni, filamu. Rudi nyuma kwa kubofya kilichotangulia hadi ufike pasipo na kingine nyuma yake. Hapo ndipo pa kuanzia. Andika mfululizo wote kwenye daftari au uuweke kwenye orodha yako.

Utakutana na mambo manne.

Kwanza, anime mbili zenye jina karibu moja ambazo si mwendelezo. Fullmetal Alchemist ya 2003 ina episodi 51 na Fullmetal Alchemist: Brotherhood ya 2009 ina 64. Wakati ya kwanza inatengenezwa, manga ya Hiromu Arakawa ilikuwa haijaisha, ikabidi watengenezaji watunge njia yao. Ya pili ikaifuata manga hadi mwisho. Ukiitazama Brotherhood ukidhani ni sehemu ya pili utashangaa mbona hadithi inaanza upya. Hunter x Hunter nayo iko hivyo: kuna ya 1999, na kuna ya 2011 yenye episodi 148. Kwa aliyeanza leo, mimi humwelekeza Brotherhood na Hunter x Hunter ya 2011.

Pili, filamu iliyo katikati ya hadithi. Demon Slayer ina episodi 26 za 2019, kisha inafuata filamu ya Mugen Train ya 2020. Ukiiruka, msimu unaofuata utakukuta hujui kwa nini watu wanalia. Filamu hiyo hiyo ilikatwakatwa ikaonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2021 kama episodi 7, na ya kwanza kati ya hizo ni mpya kabisa. Tazama moja kati ya hivyo viwili, si lazima vyote.

Tatu, msimu wa mwisho usiokuwa wa mwisho. Attack on Titan ilianza 2013, na kilichoitwa "msimu wa mwisho" kikatoka vipande vipande kuanzia Desemba 2020 hadi Novemba 2023. Vipande viwili vya kufungia ni virefu kama filamu na kwenye huduma nyingine vimewekwa peke yake, mbali na episodi za kawaida. Nimekutana na watu waliokaa mwaka mzima wakiamini wameimaliza.

Nne, fila. Haya ni matukio yaliyobuniwa na studio ili manga ipate muda wa kutangulia. Naruto ya kwanza ina episodi 220, na kuanzia 143 hadi 219 ni fila. Kisha inakuja Naruto Shippuden yenye 500. Ukitafuta jina la anime pamoja na neno filler utapata orodha za mashabiki. Kuruka si dhambi. Ila nakusihi, usiruke kabla ya kuangalia orodha, maana wengine wameruka na nyama wakidhani wanaruka mfupa.

Na anayeniuliza aanze na ipi, humpa fupi iliyokamilika. Death Note ina episodi 37, ina mwanzo na mwisho. Asiye na hakika kama anime itampendeza, namwambia atazame filamu moja ya Studio Ghibli, studio ya katuni ya Japani, jioni moja, kesho yake aamue. Simpi One Piece mtu wa wiki ya kwanza. Naipenda kwa dhati, lakini imeanza Oktoba 1999, imepita episodi 1,100, na bado inaendelea.

4. Soma umri unaoruhusiwa.

MyAnimeList huandika kundi la umri kwenye kila ukurasa. Michoro mizuri haina maana ni ya watoto. Kama simu inatumiwa na wadogo zako, tengeneza wasifu wa mtoto kwenye Netflix na uweke namba ya siri kwenye wa kwako.

5. Sasa tafuta mahali.

Ukurasa wa AniList una viungo vya huduma zenye haki ya kuionyesha, na MyAnimeList na tovuti ya LiveChart wanayo orodha kama hiyo. Hizo ndizo za kuanza nazo. Lakini kiungo kuwepo hakumaanishi inafunguka kwako: haki za anime huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo huduma moja inaweza kuwa nayo Marekani na isiwe nayo Nairobi. Bofya uone mwenyewe.

Kwa Afrika Mashariki, haya ndiyo maeneo ya kupitia.

Crunchyroll. Ndiyo yenye hazina kubwa kuliko zote kwa anime peke yake, na ndiko zinakotua nyingi za kila wiki muda mfupi baada ya kuonyeshwa Japani. Iko mikononi mwa Sony tangu 2021, na mwaka 2024 Funimation, huduma nyingine ya anime, ilifungwa, anime zake nyingi zikahamia huko. Kwa hiyo ushauri wowote wa zamani unaokutuma Funimation uache. Unaweza kupekua orodha yake kwenye kivinjari bila kulipa. Fanya hivyo. Hesabu misimu iliyopo kwa nchi yako kabla ya kutoa hela.

Netflix. Imefika kwetu tangu Januari 2016. Anime zake ni chache kuliko Crunchyroll lakini zimechaguliwa vizuri, na filamu za Studio Ghibli ziliingia huko mwaka 2020 kwa nchi nyingi duniani, Afrika ikiwemo. Kama nyumbani tayari mnailipia kwa ajili ya tamthilia, umeshapata pa kuanzia bila gharama mpya. Tahadhari moja: wakati mwingine ina msimu wa kwanza na wa pili tu. Linganisha na orodha uliyoiandika kwenye hatua ya tatu.

YouTube, kwenye chaneli rasmi. Chaneli ya Gundam, Gundaminfo, huweka anime nzima za Gundam, zile za roboti za kivita, bure kwa vipindi. Utasikia pia habari za chaneli za Muse Asia na Ani-One Asia, na utafurahi, kisha utakuta video hazifunguki: leseni zao ni za nchi za Asia. Chaneli iliyopandisha episodi huku picha imewekwa ndani ya fremu, au sauti imepandishwa ikawa nyembamba kama ya kasuku, si rasmi, na kesho haitakuwepo.

Kuna na zile tovuti zingine, za bure, zenye kila kitu. Nazijua, wengi wetu tulianzia huko, na kabla yake tulianzia dukani tukijaziwa flashi. Nakueleza kwa nini nimeziacha. Nilipakua APK (faili la kusakinisha programu nje ya Play Store) ya tovuti mojawapo iliyoahidi anime zote bila matangazo. Wiki hiyo hiyo salio likaanza kukatika kila asubuhi kwa huduma za SMS nisizozijua. Nikaishia kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, na picha za harusi ya dada yangu zikaenda nazo. Hazijapatikana hadi leo. Halafu tovuti zenyewe hazidumu: KissAnime, iliyokuwa maarufu kuliko nyingi, ilizimwa Agosti 2020, na kila aliyekuwa ameweka orodha yake pale aliipoteza siku moja. Na wanaochora hizi picha kwa mkono, kwa saa nyingi na kwa malipo ambayo hata Japani kwenyewe yanalalamikiwa, hawapati chochote kutoka huko.

Ukijikuta kwenye ukurasa unaokuomba uruhusu arifa ili video icheze, kataa na utoke. Video haihitaji arifa ili icheze. Na usisakinishe APK yoyote kutoka kwenye kundi la Telegram, hata kama aliyeituma unamfahamu.

6. Fungua akaunti na ulipe.

Pakua programu kutoka Play Store au App Store, si penginepo. Jiandikishe kwa barua pepe ile unayoikumbuka.

Kenya, wenye M-Pesa wana GlobalPay, kadi pepe ya Visa iliyoanza 2022. Unaifungulia kwenye programu ya M-Pesa. Tanzania, angalia kwenye menyu ya pesa za simu ya mtandao wako kama kuna kadi pepe ya Visa au Mastercard, na kama haipo, benki yako inaweza kukufungulia kadi yako kwa manunuzi ya mtandaoni ukipiga simu. Jaribu pia kulipia kupitia Play Store yenyewe: gusa picha ya wasifu wako, ingia sehemu ya malipo, uone njia zilizoorodheshwa kwa nchi yako.

Weka kwenye kadi kiasi cha bei pamoja na ziada kidogo. Bei ikiwa kwa dola, kuna makato ya kubadili fedha, na kadi yenye kiasi kamili kabisa hukataliwa.

Makosa ninayoyaona hapa kila mara:

Mtu anachukua siku za majaribio, anafuta programu akidhani amejitoa, mwezi unaofuata anakatwa. Kufuta programu hakusimamishi malipo. Kujitoa kunafanyika ndani ya akaunti, au kwenye sehemu ya usajili ya Play Store kama ulilipia huko.

Mwingine ananunua akaunti ya bei chee kwa mtu wa mtandaoni. Nyingi ni za wizi. Mwenyewe akibadili nenosiri, wewe umepoteza hela na huna pa kulalamika. Kuchangia na ndugu mnaoishi nyumba moja ni jambo jingine na ndivyo huduma hizi zinavyokusudia. Netflix tangu 2023 inawabana wanaochangia wakiwa nyumba tofauti.

Kama mfuko ni mdogo, fanya ninavyofanya mimi: lipia mwezi mmoja, tazama ulichopanga, jitoe. Miezi miwili baadaye rudi. Orodha yako ya AniList inakusubiri, haina haja ya kulipiwa.

7. Weka ubora wa picha kabla ya kubonyeza kucheza.

Episodi ya kawaida ina dakika 24 hivi. Kwenye programu ya Netflix ya simu, ukiingia kwenye mipangilio ya data ya simu na kuchagua ile ya kuokoa data, GB 1 inakupa kama saa 6. Hizo ni episodi 15, yaani msimu mzima wa episodi 12 na chenji inabaki. Ukitazama kwa picha kali kwenye kompyuta, Netflix wenyewe wanasema inaweza kufika GB 3 kwa saa, kwa hiyo episodi moja inakula zaidi ya GB 1, na msimu ule ule unamaliza GB 14. Tofauti hiyo ni ya kubonyeza mara moja tu.

Crunchyroll na YouTube nazo zina uchaguzi wa ubora. Kwa skrini ya simu, 480 inatosha. Mapigano yaliyochorwa vizuri ndiyo pekee ninayopandisha. Zima pia uchezaji wa kujiendesha. Kulala usingizi na anime ikiendelea ndiko kunakomaliza bando la watu wengi.

Bando la YouTube linahesabu YouTube tu. Ukilitegemea ukafungua Crunchyroll, unakatwa kwenye salio la kawaida.

8. Pakua ukiwa na intaneti nzuri, utazame baadaye.

Kama kazini, chuoni au kwa jirani kuna waifai, au mtandao wako una bando la usiku la bei nafuu, pakua episodi tano sita ndani ya programu yenyewe na uzitazame kwenye daladala. Netflix inaruhusu kwenye simu. Kwenye Crunchyroll, soma maelezo ya daraja la malipo kabla ya kulichagua. Vilivyopakuliwa vina muda: baadhi ya vitu kwenye Netflix hufungwa saa 48 baada ya kuanza kuvitazama. Usipakue msimu mzima kwa safari ya mwezi ujao.

9. Fuatilia mpya kwa saa ya Tokyo.

Japani huanzisha anime mpya kwa robo za mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Nyingi zina episodi 12 au 13, moja kwa wiki. LiveChart na AniList huonyesha zinazoendelea na siku ngapi zimebaki hadi inayofuata.

Hapa kuna jambo ambalo mimi lilinifurahisha nilipoligundua, na linawafaa waswahili peke yetu. Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6 kamili. Saa yetu ya Kiswahili nayo inatofautiana na ile ya Kizungu kwa saa 6. Vikikutana, vinafutana: namba inayosomeka kwenye saa ya Tokyo ndiyo hiyo hiyo kwa Kiswahili chetu. Anime inayoonyeshwa Tokyo saa 7:00 jioni kwa saa yao, kwetu ni saa saba mchana. Ya 9:30 asubuhi ya huko ni saa tisa na nusu usiku ya huku. Huna haja ya kujumlisha wala kutoa. Japani hawarudishi saa nyuma wala kuisogeza mbele, na sisi vile vile, kwa hiyo inafanya kazi mwaka mzima. Aliye Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo apunguze saa moja. Aliye Oman aongeze moja.

Ukikuta ratiba ya Kijapani imeandika Jumatatu 25:30, si kosa la uchapaji. Vituo vyao huhesabu usiku wa manane kama mwendelezo wa siku iliyopita, kwa hiyo 25:30 ni saa 1:30 ya alfajiri ya Jumanne huko. Kwetu bado ni Jumatatu, saa moja na nusu usiku, wakati wa chakula. Kwenye huduma ya kulipia ongeza kidogo, kwani nyingi hutua baada ya televisheni, si pamoja nayo. Na Netflix wakati mwingine husubiri msimu uishe ndipo waweke zote kwa mkupuo.

PAKITOKEA TATIZO

"Haipatikani katika eneo lako." Jaribu jina lake la pili, kisha huduma ya pili. Ikiwa kote haipo, iweke kwenye orodha uangalie tena baada ya miezi michache, leseni huhama. VPN za bure, yaani programu zinazoficha uko nchi gani, sizishauri: zinakula bando, nyingi zinaishi kwa kuuza taarifa za watumiaji, na huduma zenyewe hujaribu kuzizuia.

Umeandika jina Netflix, limetokea, lakini ukibofya unapata anime nyingine. Netflix ikikosa unachotafuta hukuonyesha vinavyofanana nacho. Haipo.

Malipo yamekataliwa. Angalia kwanza salio pamoja na makato ya kubadili fedha. Kisha angalia kama kadi imeruhusiwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Usijaribu mara kumi mfululizo, benki itaifunga kadi.

Picha ina ukungu ingawa intaneti ni nzuri. Baadhi ya simu za bei nafuu zina kiwango cha chini cha ulinzi wa video, Widevine L3, na huduma huzinyima picha kali. Programu ya bure ya DRM Info itakuonyesha simu yako ina L1, kiwango cha juu, au L3. Ikiwa L3, hakuna cha kurekebisha. Furahia hadithi na usilipie daraja la picha kali.

Ukiunganisha na televisheni, sauti ipo na picha ni nyeusi. Ni ulinzi huo huo unakataa waya au kifaa cha kuunganishia. Tumia programu iliyo ndani ya televisheni yenyewe.

Maandishi ya chini yanaonekana mara moja moja tu. Umechagua sauti ya Kiingereza pamoja na maandishi yanayotafsiri mabango na barua tu. Badili sauti iwe ya Kijapani, kisha chagua maandishi kamili.

Namba za episodi hazilingani. Mtu kakwambia episodi ya 30, wewe msimu wako unaishia 12. Tovuti moja inahesabu kwa msimu, nyingine mfululizo. Fuata jina la episodi badala ya namba.

Wiki hii haijatoka. Angalia AniList kama tarehe imesogezwa. Michezo, habari za dharura na sikukuu husogeza ratiba Japani, na wakati mwingine kinachotoka ni muhtasari wa yaliyopita.

Ukikwama kabisa na ukataka kumuuliza mtu, mwandikie hivi na utajibiwa mara moja: picha ya skrini isiyo na maneno juu yake, nchi uliyopo, huduma unayolipia, na umeshatazama hadi wapi.